Kwa Atieno, Kuhusu Nyumba ya Kisian

Atieno, mdogo wangu,

Msingi umekauka na kuta zimefika usawa wa madirisha. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, hukuwahi kuwa na subira ya kungoja habari. Mtu akianza kukusimulia jambo ulikuwa unamkatiza: "Nipe mwisho kwanza, halafu urudi nyuma tukiwa tumetulia." Basi mwisho, hadi leo, ndio huo. Tunajenga Kisian, kwenye ile ploti yetu mimi na wewe, na ramani imechorwa na msanifu majengo wa kujitegemea, mama mmoja wa hapa mjini Kisumu anayeitwa Zuhura. Nilimtaka mimi kwanza. Shemeji yako alinifuata baadaye, kwa njia yake mwenyewe, na hadi sasa sijamaliza kumshangaa.

Sasa turudi nyuma tukiwa tumetulia.

Mwanao hajambo. Hawi yuko Gredi ya Nne. Ameota meno mawili ya mbele, makubwa kama yako, na sketi ya shule niliyomnunulia mwanzo wa mwaka tayari imepanda juu ya magoti. Anapenda hesabu. Anachukia mayai. Ishara ya jina lako hajaibadilisha. Akikutaja bado anakunja ngumi mbili na kuzizungusha kama mtu anayesonga ugali wa shule nzima, jinsi alivyokuwa akikuona kule jikoni ulikokuwa mpishi. Mimi pia amenipa ishara. Nilitegemea kitu cha heshima, mama mkubwa wa mtu jamani. Akanipa mdomo uliopanuka na kiganja kinachofunguka mbele yake. Nilipouliza maana, akasema ni "yule anayepiga kelele." Siwezi kubisha. Miaka yote najua kwamba hasikii tangu ile homa ya uti wa mgongo, na bado nikimtaka namwita kwa sauti mpaka jirani anaitika.

Lakini mikono yangu imejifunza, Atieno. Ulipokuwa hai sote tulikuegemea. Hawi akisema neno, tunakutazama wewe utupe tafsiri. Siku za kwanza baada ya mazishi alikuwa akiniambia kitu na mimi natikisa kichwa tu kama mgeni, na yeye anarudia, na mimi natikisa, hadi anakata tamaa na kwenda zake. Niliona aibu. Nikaanza kwenda darasa la lugha ya ishara shuleni kwao kila Jumamosi asubuhi, naketi na wazazi wengine kwenye vile viti vidogo, magoti yamefika kidevuni. Sasa tunaongea. Tunagombana hata.

Nyumba, basi.

Unakumbuka tulivyopanda hadi kwenye ile ploti mara ya kwanza, kabla figo zako hazijaanza kukusumbua? Ulikaa juu ya jiwe lile kubwa, ukavua viatu, ziwa liko chini kule limetanda, ukasema, "Hapa hakuna atakayetuambia tupunguze sauti." Halafu ukaugua, ukahamia kwetu Nyamasaria na Hawi, na ploti ikabaki na nyasi zake. Mwaka huu mvua za masika ziliingia ndani ya nyumba ya kukodi. Maji yalifika kwenye miguu ya vitanda. Tulikuwa tumebeba magodoro vichwani, mimi na Baba Felix, Hawi amebeba kuku, na Baba Felix akasimama katikati ya sebule, maji kwenye vifundo vya miguu, akasema: "Basi. Tunajenga."

Nawe unamjua shemeji yako. Akisema neno, kesho yake ameanza. Katika kazi yake ya kutengeneza pampu anafahamiana na mafundi wote wa upande huu, na kabla wiki haijaisha alikuwa amemleta nyumbani kontrakta mmoja anayeitwa Ochola. Mzee mzuri, mcheshi, kofia haimtoki kichwani. Alitandaza ramani juu ya meza yetu, akazigandamiza pembe zake kwa vikombe vya chai.

"Hii ni bure, mama," akaniambia. "Ukinipa kazi, ramani ni zawadi. Nimeijenga mara nyingi hata nikifumba macho naijenga."

Nikauliza kama hatuhitaji mtu wa kutuchorea ya kwetu. Alicheka, bila ubaya. "Akitekta? Akitekta atakuchorea mistari, halafu atakayejenga ni mimi. Hiyo pesa weka kwenye mabati."

Ramani ilikuwa na muhuri tayari, wa mtu ambaye hajawahi kukanyaga Kisian. Vyumba vitatu vya kulala, sebule, jikoni nyuma, korido katikati. Nzuri tu. Baba Felix akampa mkono palepale. Nami nikasema sawa, maana kwa kweli sikuwa na la kusema. Nyumba ni nyumba, nilidhani. Wewe na mimi tumekulia Muhoroni kwenye nyumba za wafanyakazi zilizofanana kama meno ya msumeno, na hatukufa. Ingawa wewe, ulipokuwa na miaka mitano, uliingia nyumba ya Mama Nekesa ukidhani ni kwetu, ukala ugali wao wote, ukapanda kitandani. Alipokuuliza wewe ni wa nani, ukamjibu, "Na wewe ni nani? Unafanya nini kwetu?" Baba alilicheka jambo hilo hadi akaegemea trekta lake la miwa. Kiswahili hiki ninachokuandikia ni kile kile tulichojifunza kwenye zile safu za nyumba, kwa akina Mama Nekesa.

Ochola alitupeleka kuona nyumba aliyoimaliza kwa ramani ileile, hapohapo Nyamasaria, mvua ikiwa imekatika. Wenyewe walikuwa hawajahamia. Tulienda watatu: mimi, Baba Felix na Hawi. Felix wetu alikuwa chuoni. Ilikuwa kama saa sita mchana, jua kali nje. Baba Felix na Ochola wakaenda nyuma kutazama tangi la maji. Mimi nikaingia jikoni, nikafungua kabati moja baada ya jingine, unanijua na makabati. Hawi alikuwa anazunguka.

Nilipomkumbuka, hakuwa nyuma yangu. Nikamwita, kwa mdomo, mjinga mimi. Nikapiga sakafu kwa mguu. Nikatoka jikoni nikafungua mlango wa korido, na kule ndani kulikuwa na giza, mchana ule wa jua, kwa sababu milango yote ya vyumba ilikuwa imefungwa na dirisha hakuna hata moja. Hawi alikuwa katikati. Ameugandamiza mgongo ukutani, viganja vimefunguka, anageuza kichwa huku na huku. Alikuwa ametoka chumbani akakuta milango sita inayofanana na hakuna mtu. Hakujua tulikoelekea. Hakuna hatua za miguu za kumwambia, hakuna sauti. Kwake yeye tulikuwa tumekwisha.

Nilipomshika alinipiga kifuani. Halafu akanishika kiuno, hakuniachia hadi tulipofika nyumbani.

Nilimweleza Baba Felix. Akasikitika, lakini akasema, "Ataizoea. Mtoto huizoea nyumba." Huenda angeizoea kweli. Mtoto huyu amezoea mengi. Mimi ndiye niliyeshindwa kuizoea ile sura ya uso wake. Kila nikiketi dukani kuuza madaftari naiona, naona na ile ramani juu ya meza. Nikaanza kujiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza: aliyeichora nyumba ile alikuwa na mtu gani kichwani? Si Hawi. Wala si mtu yeyote, nadhani.

Jumamosi iliyofuata nilimuuliza mwalimu wake kama kuna mtu anayejua kujenga kwa ajili ya watoto kama hawa. Akanipa jina la Zuhura.

Nilienda kumwona nikiwa nimejiandaa kwa vita. Ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka la vitambaa mjini, meza mbili na feni inayolia. Mzaliwa wa Kaloleni ya hapahapa Kisumu, ana buibui jeusi na viatu vya kazi vyenye vumbi la saruji, Kiswahili chake kimenyooka kiasi kwamba nilianza kurekebisha changu. Nikamuuliza bila salamu ndefu: "Unafanya nini ambacho fundi wangu hafanyi?"

Hakukasirika. Alisema, "Pengine hunihitaji, mama. Watu wengi wanajenga kwa ramani ya kontrakta na wanaishi vizuri. Kama nyumba ile inakufaa, ichukue, uokoe pesa yako." Mimi niliyekuja na hoja zangu kumi nikabaki sina wa kumpiga nazo.

Kisha akanieleza kujitegemea ni nini. Halipwi na kontrakta. Halipwi na muuza saruji wala wa mabati. Analipwa na mimi, na kwa hiyo akiona nguzo imepinda, atakayemwambia ni mimi. "Ukichukua ramani ya bure," akasema, "anayechora, anayejenga na anayekagua ni mtu mmoja. Akiwa mwaminifu, sawa. Akikosea, nani atakwambia?"

Nikamweleza habari ya korido. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza kitu ambacho sikutarajia. Hakutaka kuiona ploti kwanza. Alitaka kuja kwetu, Nyamasaria, akae nasi asubuhi moja aone tunavyoishi.

Baba Felix hakufurahi. "Nimeshampa mtu mkono," alisema. Kwake hilo ni jambo zito, na nampenda kwa hilo. Lakini hawezi kumkatalia mgeni chai.

Akaja Jumapili baada ya kanisa. Nilipika samaki. Zuhura alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, hajafungua daftari, anatutazama tu. Aliona tunavyomwita Hawi: tunamrushia kandambili miguuni. Usicheke. Sakafu ni ya simiti, ukipiga mguu haitetemeki, na swichi ya taa, ambayo ingemwita kwa kuwaka na kuzima, iko nje. Aliona Hawi anavyokula akiwa amegeuza kiti ili atuone sote wawili nyuso. Aliona Baba Felix akisimama mbele ya dirisha kumwambia kitu, na Hawi akimvuta mkono kumsogeza pembeni. Hapo akauliza kwa nini. Nikamwambia, mtu akiwa na mwanga nyuma yake, mikono yake inakuwa kivuli, hasomeki. Nililijua hilo lakini sikuwahi kulisema kwa mdomo.

Halafu akaniomba nimuulize Hawi swali moja. "Muulize, katika nyumba hii anachukia nini?"

Nikauliza. Nilidhani atasema choo, au paka wa jirani.

Hawi aliinuka. Akaenda hadi mlango wa chumba chetu cha kulala, akauwekea kiganja. Kisha akageuka ili nimwone, akaanza kusema, na mimi nikawa natafsiri kwa sauti, neno kwa neno, kabla sijajua linakoelekea.

"Huu mlango. Siku Mama alipokufa watu waliingia humu. Wanawake wengi. Mama Mkubwa akaufunga. Nilikaa hapa chini. Nilisikia mlango kwa mkono, ulikuwa unatikisika. Mliokuwa ndani mlijua. Majirani nje walijua. Paka alijua. Mimi nilikuwa naangalia mlango."

Atieno, niliyatamka hayo mwenyewe. Kwa sauti yangu, mbele ya mgeni, mbele ya mume wangu. Sikuruka hata neno, maana ningeruka angeona.

Hili sikuwahi kukuambia, hata pale kaburini nilipokuambia mengine yote. Simu kutoka hospitali ilikuja kabla ya saa nne asubuhi. Majirani waliposikia nimepiga yowe wakaingia, na mimi nikafikiri, mtoto asituone hivi. Nikaufunga mlango. Nilidhani namkinga. Ilipita saa nzima kabla sijatoka kumwambia, na nilipomwambia hakulia, nikadhani hajaelewa. Alikuwa ameelewa zamani. Nisamehe. Yeye nimemwomba, siku ileile, nikiwa nimepiga magoti ili mikono yangu iwe sawa na macho yake. Alifikiri kidogo, akasema sawa, akauliza kama samaki amebaki.

Baba Felix alikuwa ametoka nje. Nilimkuta kwenye bomba ananawa uso, maji yanatiririka hadi kwenye shati la kanisani.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuamua. Nataka ulijue hilo bila ya pambo: niliamua pale mlangoni, na tangu siku hiyo sijasita hata mara moja. Lakini nyumba hujengwa na wawili, na mwenzangu alikuwa ametoa mkono wake.

Siku mbili baadaye Ochola alikuja kuchukua malipo ya kuanzia. Baba Felix akamweleza taratibu, kwa heshima, kwamba tunafikiria kubadilisha ramani kwa sababu ya Hawi. Sikuamini nilichosikia, hakuwa ameniambia. Alikuwa anapima tu kama kuna njia ya kati. "Tunaweza kuiondoa hiyo korido?" akauliza.

Ochola alikuna kichwa chini ya kofia. Nadhani hakukusudia ubaya, alikuwa anahesabu kazi tu. Akasema: "Bwana, nyumba ni ya miaka mingi, na mtoto ni mmoja. Tena huyu si mtoto wa shemeji? Kesho keshokutwa ataolewa au atarudi kwa watu wa babake, wewe ubaki na nyumba haina korido."

Hawi alikuwa palepale mezani anafanya hesabu zake, hajui kinachosemwa.

Baba Felix akaweka kikombe chini. Akasema kwa Kiswahili, si Kijaluo, kama anavyofanya akitaka kila mtu aelewe: "Mzee, huyu ni binti yangu. Hana pengine pa kurudi, hapa ndipo kwao." Kisha akamgusa Hawi begani, akamweleza kwa mikono yake ile minene ya grisi, polepole, na makosa mawili matatu, kile alichokisema. Wewe ndiye uliyekuwa ukimtania kwamba anaongea ishara kama mtu anayefungua nati. Hawi alimwangalia. Akamrekebisha ishara moja. Akarudi kwenye hesabu.

"Nilikupa mkono," Baba Felix akamwambia Ochola, "na sikuondolei kazi. Kama utakubali kujenga ramani ya mwingine, huku mwenye ramani anakagua, kazi ni yako. Kama hutaki, tuagane vizuri."

Ochola aliondoka akinung'unika kwamba hajawahi kusimamiwa na mwanamke tangu azaliwe. Nikafikiri tumempoteza. Baada ya wiki moja akarudi, amevaa kofia mpya, akauliza huyo mama anaanza lini.

Usidhani kila kitu kilikuwa laini. Ada ya Zuhura ilimeza chumba kimoja. Tutakiongeza Mungu akipenda. Baba Felix alitaka dirisha kubwa la sebule linalotazama ziwa, alikuwa ameliota miaka mingi, na Zuhura akamwambia kwamba mng'ao wa maji utamfanya kila anayekaa mbele yake awe kivuli. Walibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe dirisha likasogezwa ubavuni na paa likashushwa kidogo mbele yake, na ziwa bado analiona, ila akiwa amekaa kwenye kiti kimoja tu. Ameshatangaza kwamba hicho ni kiti chake. Mama mkwe naye alipooneshwa ramani akalalamika kuwa jikoni hakuna ukuta mzima, harufu ya dagaa wa omena itawafikia wageni. Nikamwambia mgeni asiyetaka harufu ya omena amekosea ziwa.

Korido haipo. Vyumba vyote vinafungukia sebuleni, na katikati paa limeinuliwa na kuwekewa madirisha membamba juu, kwa hiyo mwanga unashuka kutoka juu na kuangukia nyuso. Jikoni kuna ukuta unaofika kiunoni. Ukisimama kwenye sinki unaona geti. Sakafu ya sehemu moja ya sebule itakuwa ya mbao, ili nikipiga mguu Hawi aupate kwenye nyayo zake. Kandambili zitapumzika.

Na kuhusu kukagua, nikupe moja tu. Siku ya kuchimba msingi, vijana wa Ochola walichimba vizuri upande wa juu, wenye mawe. Upande wa chini udongo ni mweusi, ule unaovimba mvua ikija na kupasuka jua likiwaka, na huko wakaishia kina kilekile. Zuhura alifika na futi yake, akashuka mtaroni na buibui lake amelikunja kiunoni, akapima, akasema bado. Ochola akasema ameweka misingi kama hiyo maisha yake yote. Zuhura akamjibu, "Naamini, Mzee. Lakini hapa tutashuka hadi tupate ardhi ngumu." Akakaa juu ya jiwe akisubiri. Walichimba siku nzima ya pili. Walipofika kwenye ardhi ngumu, Ochola mwenyewe aliipiga kwa sururu, akasikiliza mlio wake, akaniambia kwa sauti ya chini nisije nikamwambia mtu, "Afadhali tumeshuka." Basi na wewe usimwambie mtu.

Ningekuwa peke yangu pale, ningejua nini? Ningewapelekea chai na kuwasifu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda na Hawi. Mafundi walikuwa wameenda kula. Kuta zimefika tumboni mwake na paa ni mbingu tu. Yeye akasimama itakapokuwa jikoni, mimi nilikuwa kule mwisho kabisa, kwenye chumba chake, najaribu kupima kitanda kitakaa wapi. Nikainua kichwa nikaona ananitazama. Hakunijia. Hakurusha kitu. Alikaa palepale akasema na mimi kutoka upande ule wa nyumba hadi huu, na mimi nikamsoma kila neno: njaa inaniuma, na huyo Mzee mwenye kofia ameniibia kalamu yangu ya hesabu, mwambie airudishe.

Tulimdai Ochola kalamu. Ilikuwa juu ya sikio lake.

Nakuahidi jambo moja, mdogo wangu, na sitaki ulisahau hata huko uliko. Habari yoyote itakayofika kwetu, ya harusi au ya msiba, Hawi ataipata saa ileile nitakayoipata mimi, usoni pangu na mikononi mwangu, hata kama ninalia. Hasa kama ninalia. Na akiwa mkubwa akataka kwenda mbali, ataondoka akijua ametoka kwao, na kitanda chake hakitapewa mtu.

Mafundi wanaweka linta juu ya madirisha wiki ijayo. Lazima nilale mapema, mawe ya ngazi yanakuja asubuhi na lazima awepo mtu wa kuyahesabu. Pumzika, mpishi wetu. Sisi tuko imara.

Oriti, nyaminwa. Kwaheri, mdogo wangu.

Dada yako,
Akinyi